Kupima Kina kwa Mwangwi: Chombo Kimfaacho Mvuvi wa Ghuba ya Speke

Mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uko mbali na ufuko, na watu wengi huufikiria mkoa huo kuwa nchi ya pamba na ng'ombe tu. Hata hivyo mkoa huo unalo ziwa. Katika Wilaya ya Busega, sehemu za Lamadi na Nyashimo, wavuvi huingia katika Ghuba ya Speke, ambayo ni tawi la Ziwa Victoria, kutafuta sangara, sato na dagaa.

Tangu zamani wavuvi wamepima maji kwa bildi, yaani kamba iliyofungwa kitu kizito mwishoni, wakihesabu pima zilizozama. Siku hizi vinapatikana pia vipimakina vya umeme, ambavyo huonyesha katika kioo kidogo kina cha maji, hali ya sakafu ya ziwa, na hata samaki. Bei ya vyombo hivyo hupanda kadiri uwezo wake unavyozidi. Kwa hiyo mvuvi asiyeelewa jinsi vinavyofanya kazi aweza kulipia uwezo asiouhitaji, na kukosa ule unaomfaa.

SAUTI NA MUDA

Mtu apigaye ukelele mbele ya jabali husikia mwangwi wake baada ya kitambo kidogo. Kipimakina hufuata kanuni hiyo hiyo. Kichwa cha chombo, ambacho huzamishwa majini, hutoa mlio mfupi usiosikika kwa sikio la binadamu. Mlio huo hushuka hadi sakafuni, hugonga, na kurudi. Chombo hupima muda uliopita kati ya kutoa mlio na kupokea mwangwi.

Katika maji baridi ya ziwa yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, sauti huenda karibu meta 1,500 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Tuseme mwangwi umerudi baada ya sekunde 0.04. Sauti imekwenda meta 1,500 × 0.04, yaani meta 60. Kwa kuwa safari hiyo ni ya kwenda na kurudi, kina ni nusu yake: meta 30.

Moyo wa chombo ni kitu kinachotetema kipitiwapo na umeme, na kutoa umeme kikibanwa. Tabia hiyo ya baadhi ya fuwele iligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie. Mwaka 1935 Oscar Sund wa Norway alitangaza picha za mwangwi zilizoonyesha makundi ya samaki baharini, na mwaka 1948 kampuni ya Furuno ya Japani ilianza kuwauzia wavuvi chombo cha kutafutia samaki.

KWA NINI SAMAKI HUONEKANA

Nyama ya samaki inakaribiana sana na maji, kwa hiyo sauti hupenya bila kurudi kwa wingi. Kirudishacho sauti hasa ni kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwake. Vibofu hivyo vya sangara ndivyo mabondo yanayouzwa kwa bei kubwa. Basi alama ionekanayo katika kioo si umbo la samaki, bali ni mwangwi wa hewa iliyomo ndani yake, na haisemi kama samaki huyo ni sangara au sato. Kwa njia hiyo hiyo, tangu mwaka 1999 watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda wamefanya safari za kukadiria wingi wa samaki katika Ziwa Victoria.

MAMBO YA KUZINGATIA

Jambo la kwanza ni kina. Mahali penye kina kikubwa kabisa katika Ziwa Victoria hapazidi sana meta 80, na sehemu kubwa ya Ghuba ya Speke ina maji machache kuliko hayo. Chombo chenye nguvu ya kufika meta 500 kilitengenezwa kwa ajili ya bahari. Mvuvi wa Busega akikinunua analipia maji ambayo hatayaona.

Jambo la pili ni idadi ya mitetemo. Mlio wa mitetemo 50,000 kwa sekunde hufika mbali, lakini urefu wa wimbi lake ni milimeta 30. Ule wa mitetemo 200,000 una wimbi la milimeta 7.5, na hutofautisha vizuri zaidi vitu vidogo vilivyo karibu karibu. Baharini mitetemo mingi humezwa upesi na chumvi za maji. Ziwani umezaji huo ni mdogo sana. Kwa sababu hiyo chombo cha mitetemo 200,000 kinatosha ghubani.

Jambo la tatu ni pembe ya pia ya sauti. Pia ya nyuzi 20 katika kina cha meta 30 hufunika duara lenye kipenyo cha karibu meta 10 na nusu. Pia ya nyuzi 60 hufunika karibu meta 35. Pia pana huonyesha samaki wengi zaidi, lakini hao waweza kuwa mbali na mtumbwi, si chini yake.

Jambo la nne ni umeme. Chombo kitumiacho nusu ampea, kikipewa betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, kwa hesabu hufanya kazi saa 14. Kwa kuwa haifai kuimaliza betri kabisa, ni busara kutegemea nusu ya muda huo. Kichwa nacho kifungwe nje ya mtumbwi, chini ya uso wa maji na mbali na mapovu ya mashine, kwa kuwa mbao na hewa huzuia sauti.

MIPAKA YA CHOMBO

Kipimakina cha kawaida hutazama chini tu, si mbele. Mtumbwi uendao kilometa 10 kwa saa hupita karibu meta 3 kila sekunde. Mwamba ukionekana katika kioo, tayari uko chini ya chombo. Tena, tope laini liletwalo na mito kama Simiyu hurudisha mwangwi hafifu kuliko jiwe. Wala kumbukumbu ya zamani haitoshi: ziwa lilishuka sana mwaka 2006 na kupanda sana mwaka 2020, tofauti ikizidi meta 2. Mwamba uliopitwa salama mwaka mmoja waweza kuutoboa mtumbwi mwaka mwingine.

Kwa hiyo bildi isitupwe. Mwenye kipimakina kipya na akipime kwanza kwa kamba mahali pa meta 5, kisha pa meta 10, akilinganisha namba. Wanafunzi nao waweza kuifunga kamba mafundo kila baada ya meta moja na kufanya jaribio hilo pamoja na mvuvi mzoefu. Vipimo viwili vikipatana, chombo kinaaminika. Visipopatana, kamba ndiyo ya kusadikiwa.