Je, Wajua? Herufi Zinapovuka Mpaka

Je, wajua kwamba lugha ya programu ya C, iliyoundwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, haitunzi urefu wa maandishi? Husoma baiti moja baada ya nyingine hadi ikutane na baiti yenye thamani ya sifuri, ndipo ijue maneno yamekwisha. Lugha ya Python huweka urefu kando, na sifuri kwake ni alama kama nyingine. Ipachike katikati ya “habari” na “zenu”: Python itahesabu alama 11, C itahesabu 6, na “zenu” itapotea bila onyo lolote.

Tofauti hiyo imewahi kuwa hatari kweli. Mwaka 2009 watafiti wa usalama Moxie Marlinspike na Dan Kaminsky walionyesha kwamba mtu angeweza kuomba cheti cha tovuti kwa jina lenye sifuri katikati: mbele jina la benki, nyuma jina la tovuti yake mwenyewe. Mtoa cheti aliangalia mwisho wa jina, akaona mwombaji ni mmiliki halali. Kivinjari kiliishia kwenye sifuri, kikaamini kimefika benki.

Je, wajua kwamba ng'ombe ni kipimo kizuri cha programu? Ukitumia kibainishi (') kilichonyooka, neno hilo lina baiti 7. Simu na programu za kuandikia hupenda kukibadilisha kiwe kilichopinda, na katika mfumo wa kuhifadhi herufi wa UTF-8 baiti zinafika 9. Programu inayopokea ikidhani imeletewa maandishi ya mfumo wa zamani wa herufi wa Windows, msomaji ataona “ngâ€™ombe”. Anayewatengenezea programu wasomaji wa Kiswahili bila kulijaribu neno hili kwa kulituma kwenda na kurudi, akilinganisha kila baiti, hajamaliza kazi.

Je, wajua kwamba kikatuni kimoja cha uso unaocheka, 😀, kina urefu wa 1 kwa Python, 2 kwa Java na JavaScript, na 4 kwa Rust? Zote ziko sahihi: Python huhesabu alama, Rust baiti za UTF-8, na Java vipande vya biti 16. Java ikiikabidhi C kikatuni hichohicho kwa UTF-8 yake maalumu, baiti huwa 6. Katika mfumo huo hata sifuri huandikwa kwa baiti mbili, ili C isikatishe maneno njiani.