Kuchezea Maana za Maneno Darasani

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wetu mmoja aliwataka watoto wa Darasa la Nne, katika shule moja ya Newala, watunge sentensi kwa neno "kata". Wengi waliandika juu ya kukata kuni. Msichana mmoja aliandika: "Mama amesahau kata nyumbani, kichwa kinamuuma." Darasa likacheka, na mwalimu akamwekea alama ya kosa. Sisi tuliokaa nyuma tukimpima mwanachuo huyo hatukusema neno. Tulikuwa njiani kurudi Masasi tulipong'amua kwamba mtoto alikuwa sahihi. Kata ni ile nguo iliyoviringishwa ikawekwa kichwani chini ya mzigo. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako kwa miaka mingi akina mama wameteremka mabondeni kutafuta maji, mtoto huijua kata hiyo mapema sana.

Kata ni pia chombo chenye mpini cha kuchotea maji, na ni eneo la utawala lenye diwani wake. Laiti tungelikuwa wepesi, tungeliliambia darasa: "Kata ni kitu ambacho mama hukiweka kichwani na diwani hukisemea barazani." Kicheko kingelikuwa cha wote, wala si cha kumcheka mmoja.

Watoto wetu wengi huja shuleni na Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Maana ya kwanza ya neno la Kiswahili waliyofundishwa huidhania kuwa ndiyo pekee, na mwalimu asiyejihadhari huwathibitishia hivyo. Dawa yake mojawapo ni fasili za mzaha. Tazameni hizi:

Kaa ni mnyama wa pwani ambaye hata akitembea huitwa kaa.
Paa ni mnyama anayezuia mvua isiingie nyumbani.
Mbuzi ni mnyama asiyekula majani, bali hukuna nazi.

Yafaa mwanachuo ajiulize kwa nini mzaha huu unawezekana. Siri imo katika neno "ni". Neno hilo halichukui kiambishi cha ngeli, kwa hiyo maana mbili huweza kujificha chini yake pamoja. Mara tukisema "paa huyu" au "paa hili", "mbuzi huyu" au "mbuzi hii", fumbo limefichuka. Basi mtoto akisha kucheka, aulizwe: "Huyu, au hili?" Kwa swali hilo moja somo la ngeli limekwisha kuanza, tena bila jedwali ubaoni. Sisi twaona jedwali lingoje hadi kipindi kinachofuata.

"Kata" haifichuki kwa njia hiyo, kwani nguo ya kichwani, chombo cha maji na eneo la diwani zote ni "kata hii". Hapo ni sentensi nzima tu iwezayo kuamua, na ndiyo maana sentensi ya mtoto isomwe mpaka mwisho kabla ya kalamu nyekundu kugusa daftari.

Neno "barabara" lastahili kipindi chake. Maandishi ni yale yale, ila mkazo ndio utofautishao. Njia ya magari hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama yalivyo maneno mengi ya Kiswahili: bara-BA-ra. Yenye maana ya "sawasawa" hukazwa kabla ya hapo: ba-RA-bara. Waambieni watoto kwamba barabara ni njia ambayo, mvua ikinyesha, haipitiki barabara. Watacheka bila kuelezwa, kisha watamke wenyewe.

Pana tahadhari. Mtoto anayechanganya "karamu" na "kalamu" asifanywe kitu cha mchezo, kwani ulimi wake unajifunza. Na mwalimu mgeni awaulize wenzake kwanza, maana neno safi la kitabuni laweza kuwa tusi nyumbani kwa mwanafunzi.

Wiki iliyofuata mwanachuo wetu aliifuta ile alama ya kosa mbele ya darasa, akamwomba msichana alete kata yenyewe. Aliileta, ya kitenge kilichochakaa. Watoto waliivaa kwa zamu, wakibishana nani awe diwani.