Aliyehesabiwa Uwanjani

Joe Johnson aliichezea klabu ya Fitzroy, mjini Melbourne, kwa misimu mitatu tu, 1904 hadi 1906. Katika kandanda ya Kiaustralia, mchezo wa mpira wa umbo la yai unaochezwa kwa mikono na miguu, alicheza mechi 55 na kutwaa ubingwa mara mbili, 1904 na 1905. Ndiye anayetambuliwa kuwa mwenyeji asilia wa kwanza kucheza katika Ligi ya Victoria, iliyoanza 1897.

Misimu mitatu ni kitu gani? Natuyatazame maneno. Katiba ya Australia, iliyoanza kutumika 1901, iliagiza kwamba wenyeji asilia wasihesabiwe katika kukadiria idadi ya watu wa nchi hiyo. Kifungu hicho kilifutwa kufuatia kura ya maoni ya 1967. Naam, kitenzi ni kimoja: mabao ya Johnson yalihesabiwa, watu wa jamii yake, katika ardhi ya mababu zao, hawakuhesabiwa.

Walimu na wanafunzi, sheria huandikwa kwa vitenzi. Tusomapo takwimu za taifa lolote, hatuna budi kuuliza: ni nani aliyeachwa nje ya hesabu?