Kinubi cha Kwaya: Jinsi ya Kukiunda na Kukiponya

Siku ya kuamkia sikukuu ya somo wa parokia, kinubi cha kwaya moja ya hapa Kolwezi kilivunjika shingo mbele ya macho yetu. Hakuna aliyekiangusha. Kilikuwa kimeegemezwa ukutani, nyuzi zimekwisha kukazwa kwa ajili ya Misa ya kesho. Tukasikia mlio kama wa kuni kavu, na tazama, shingo imepasuka pale inapoingia katika tumbo. Nyuzi zile tulikuwa tumezitia sisi wenyewe, siku tatu mbele. Ndiyo sababu tunaandika maneno haya. Wengi kati ya wanaseminari na makatekista watapewa siku moja chombo cha namna hii, kama zawadi au kama urithi wa padri aliyehamishwa, wala hakuna atakayewaambia nguvu zake zinakaa wapi.

Kwanza tusichanganye majina. Kinubi kina shingo moja tu, na nyuzi zinashuka kutoka shingoni mpaka tumboni. Chombo chenye mikono miwili, na mti umelazwa juu ya mikono hiyo, kama nyatiti ya Wajaluo wa Kenya, ni cha jamaa nyingine. Hata kinor ya mfalme Daudi, ambayo katika Zaburi zetu inaitwa kinubi, wataalamu wengi wanaihesabu katika jamaa hiyo ya pili. Wanaopenda kuchora Daudi ukutani mwa kanisa wafikiri kidogo kabla ya kutia rangi.

Wazee wetu wa Lualaba, Walunda, Wachokwe na Wasanga, hawakutuachia kinubi. Walituachia ngoma, madimba, na likembe ambayo Wachokwe huiita kisanji. Kwao kinubi ni kaskazini: kwa Wazande na Wamangbetu upande wa Uele, na kwa Waluri upande wa Mahagi katika Ituri, ambao ndugu zao wa Uganda wanapiga kinubi kinachoitwa adungu. Waganda nao wana ennanga yenye nyuzi nane. Mtaalamu Klaus Wachsmann, katika mwaka 1964, aligawanya vinubi vya Afrika kwa namna shingo inavyokutana na tumbo. Kwa wengine, kama Waganda, shingo inalala ndani ya tumbo kama kijiko katika kikombe. Kwa wengine, kama Wazande, inaingia katika tundu kama kizibo katika chupa. Fundi ashike sana mifano hii miwili, maana anayetaka kutengeneza kinubi lazima ajue kwanza kama ana kijiko au kizibo mkononi. Kizibo huvunjikia mdomoni mwa chupa, kama cha kwetu.

Juu ya ruhusa ya kukipiga katika Misa hatusemi mengi. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika fungu la 120 la hati juu ya Liturujia (1963), uliweka kinanda cha mabomba mbele kwa heshima, kisha ukakubali vyombo vingine, kwa kibali cha wenye mamlaka, ikiwa vinafaa kwa ibada na kwa heshima ya kanisa. Lakini chombo kisichoshika sauti hakifai kwa ibada yoyote, hata kikiwa na kibali.

Basi tuone namna ya kukiunda. Tumbo ni gogo lililochongwa kama mtumbwi mdogo. Kwetu mulombwa unafaa: haupasuki upesi, wala hauchezi sana majira yakibadilika. Gogo likauke kivulini, si juani, na miisho yake ipakwe nta au mafuta, kwa sababu maji hutoka kwanza miishoni na ndipo ufa huanza. Shingo itafutwe msituni ikiwa imekwisha kupinda yenyewe. Tawi lililokua kwa kupinda, nyuzinyuzi za mti zinafuata upindo wake tangu mwanzo hata mwisho. Ubao ulionyoka ukikatwa kwa msumeno upate upindo, nyuzinyuzi zake zinakatika njiani, na hapo utavunjika.

Ngozi ya mbuzi inalowekwa usiku mzima, inanyolewa, kisha inavutwa juu ya tumbo ingali mbichi na kushonwa kwa kamba na ngozi nyingine iliyo chini. Kabla ya kuifunga, fundi analaza chini yake, katikati, kijiti kirefu chenye nguvu. Hicho tukiite mti wa nyuzi. Kila uzi unapita katika tundu dogo la ngozi, unafungwa chini ya mti huo, na mti unaigawia ngozi yote mvuto. Mtu anayetazama kinubi kwa nje hauoni, naye hudhani kwamba nyuzi zimefungwa kwenye ngozi. Ngozi ikauke siku mbili tatu kivulini kabla ya uzi wowote kutiwa. Vigingi vya shingoni viwe vya mti mgumu, vyembamba mbele na vinene nyuma, na matundu yake yasawazishwe kwa chuma cha moto.

Tufike sasa kwenye nyuzi, ambapo kosa letu lilikuwa. Nyuzi za nailoni zilikuwa zimechakaa, na duka la kuuza uzi wa kuvulia samaki lilikuwa halina. Lakini katika Kolwezi, waya wa shaba hupatikana kila mahali. (Mara nyingi waya huo una mwenyewe, naye anautafuta. Hilo nalo mwanaseminari aliulize kabla ya kuupokea.) Tukatia shaba. Ikaimba kidogo, ikashuka. Tukakaza, ikashuka tena. Ya tatu ikakatika. Ndipo tukatia waya wa chuma, tukafurahi, kwa sababu ulishika sauti vizuri sana.

Sababu yake ni hesabu tu. Uzi mfupi hulia juu kuliko mrefu. Uliokazwa hulia juu kuliko uliolegea. Mzito hulia chini kuliko mwepesi. Na kukaza hakulipi sawasawa: ili sauti ipande oktava moja kwa uzi uleule, mvuto lazima uwe mara nne. Tuchukue uzi wa nailoni wenye unene wa milimeta 0,8 na urefu wa sentimeta 40, utetemeke mara 220 kwa sekunde. Unataka mvuto wa kilo karibu 2. Chuma ni kizito karibu mara saba kuliko nailoni. Kwa unene, urefu na sauti ileile, kinataka kilo 12. Shaba ni nzito zaidi, inataka kilo 14, na waya laini wa umeme wa unene huo hurefuka kwanza, kisha hukatika kabla ya kufika hapo. Tukihesabu nyuzi tisa za namna hiyo, nailoni inavuta shingo kwa kilo 16 hivi, na chuma kwa kilo 110. Ni zaidi ya mifuko miwili ya saruji, imetundikwa juu ya shingo iliyochongwa kubeba mtoto mdogo.

Shaba yetu tusiidharau lakini. Katika piano, nyuzi za sauti ya chini ni chuma kilichozungushiwa shaba: chuma kinavuta, shaba inaongeza uzito tu.

Tukageukia kuponya. Shingo iliyopasuka kwa kufuata nyuzinyuzi za mti hupona kwa gundi ya mbao, ikifungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli siku nzima. Iliyokatika kwa kupita nyuzinyuzi haiponi, hata ikitiwa misumari. Hasa ikitiwa misumari. Ya kwetu ilikuwa ya namna hii, na tukaanza kutafuta tawi. Ufa wa tumbo hujazwa unga wa mti uleule uliokorogwa na gundi. Ngozi ikipasuka pembeni inashonwa. Ikipasuka juu ya mti wa nyuzi, ivuliwe yote, kwa kuwa kiraka hakiwezi kubeba mvuto. Kigingi kinachoteleza kipakwe choki ya shule.

Mlio wa kuzizima unataka busara. Huenda ni kigingi kilicholegea, au fundo linalogusa ngozi. Lakini ennanga ya Waganda ina pete za ngozi ya kenge zilizowekwa makusudi, ili kila uzi uzizime. Fundi mmoja mwenye bidii angeweza kuziondoa zote na kudhani amekiponya. Aulize kwanza wenye chombo.

Tena kuna majira. Mvua zetu zinaanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ngozi inalegea, sauti inashuka, na mpigaji anakaza. Mwezi wa tano ukavu unaingia, ngozi inajivuta yenyewe juu ya nyuzi zilizokwisha kukazwa, na kitu kimoja lazima kikubali kuvunjika. Wakati wa mvua ngozi ipashwe kwa joto la mbali, si motoni, wala isitafutwe sauti kwa vigingi peke yake. Baada ya Misa nyuzi zilegezwe kidogo. Nyuzi mpya zikazwe kwa siku kadhaa, kuanzia katikati kwenda pande mbili, maana kila uzi unaokazwa unalegeza jirani zake.

Shingo mpya ilichongwa na kijana asiyejua kinubi kabisa. Yeye ni fundi wa karindula, ile banjo kubwa ya vijana wa Katanga, yenye pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne. Alikigeuza kinubi mara mbili, akapapasa ngozi kwa kidole gumba, akaukuta mti wa nyuzi bila kuambiwa. Alipomaliza aliandika unene wa kila uzi, tangu wa kwanza hata wa tisa, juu ya karatasi, akaibandika ndani ya sanduku la kinubi. Chini yake aliongeza kwa herufi kubwa: NAILONI TU. Uzi wa tisa ungali unashuka kidogo wakati wa Utukufu.