Paa la Basi Hubebwa na Nini?

Vikundi vyetu vingi hukodi basi kwenda mazishini au harusini, na swali letu huwa bei tu. Hebu tuulize na lingine: bodi yake ilijengwaje?

Mabasi yetu mengi huanza kama chesisi ya lori: injini, usukani, magurudumu, basi. Mafundi wa bodi ndio huchomelea nguzo za chuma kisha wakazifunika kwa mabati. Hapo ndipo shida iko. Gari likibiringika, bati halizuii kitu. Nguzo ndizo hubeba uzito wote. Zikiwa nyembamba, au zimechomelewa ovyo, paa hulalia viti au hung'oka kabisa. Huko Fort Ternan, Kericho, Oktoba 2018, paa lilitoka na watu zaidi ya 50 wakafa.

Kipimo cha serikali kipo, KS 372, lakini abiria haoni nguzo zilizo ndani ya bati. Anachoweza ni kutikisa kiti. Kikicheza, mshipi uliofungwa humo hausaidii, maana mtu na kiti huruka pamoja. Mizigo mizito nayo isipandishwe kwenye keria. Gari hupinduka upesi. Sisi wenyewe tumewahi kupanda basi la matanga lenye magunia juu, tukanyamaza kwa haya.