Pasaka Huanzia Makaburini

Saa kumi na moja alfajiri ya Pasaka, chini ya Mlima Rungwe, mtu humtambui kwa sura bali kwa sauti. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na njia ya kwenda makaburini ni utelezi mtupu. Matarumbeta yametangulia. Nyuma yao wanakuja kina mama waliojitanda kanga juu ya masweta, wazee na fimbo zao, vijana wanaomulika kwa tochi za simu. Mkifika mnajipanga katikati ya makaburi, nyuso zikielekea mashariki, na ibada inaanza kungali giza ili jua liwakute mkiimba.

Nimekwenda kwenye ibada hii tangu nikibebwa mgongoni. Pananigusa zaidi pale wanapotajwa waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Jina likitajwa, mahali fulani ndani ya ukungu mtu anavuta pumzi. Anatajwa mzee wa kanisa, anatajwa mtoto aliyeishi wiki mbili, kwa sauti ileile na kwa heshima ileile. Kisha wote tunakiri kwamba wafu watafufuliwa.

Desturi hii imetoka mbali. Mwaka 1732, katika mji wa Herrnhut huko Ujerumani, vijana wa kiume wa Kimoravian walipanda kwenye kilima cha makaburi alfajiri ya Pasaka, wakaimba wakingoja jua. Mawe ya makaburi ya pale yamelazwa chini, yanalingana, tajiri hamzidi maskini. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891 wakiongozwa na Theodor Meyer, na ninaamini ibada yao ya makaburini ilishika kwa sababu iliwakuta watu ambao tayari walijua kuomboleza kwa pamoja. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika jinsi msiba ulivyokusanya watu wengi, ng'ombe wakachinjwa, wanaume wakacheza ngoma na mikuki mikononi. Wakristo waliiweka mikuki chini wakashika tenzi. Lile kusanyiko halikupungua, na mpaka leo Rungwe kumwacha jirani azike peke yake ni aibu isiyofutika.

Mwaka uleule wa 1891 walifika pia Walutheri wa misheni ya Berlin, chini ya Alexander Merensky. Misheni hizo mbili zilikubaliana mipaka: Wamoravian wakashika upande wa magharibi, Waberlin upande wa mashariki, na baadaye Waberlin wakaendelea kwa Wakinga, Wabena na Wahehe. Nao Wakatoliki walikuwa wameweka kituo Tosamaganga, karibu na Iringa, kabla karne ya 19 haijaisha. Ndiyo maana Rungwe imejaa Wamoravian, na Njombe na Iringa kumejaa Walutheri na Wakatoliki. Babu zetu hawakukaa chini kupima mafundisho ya huku na ya kule. Walibatizwa na aliyefika kwenye kilima chao. Nikikumbuka hilo, huwa sielewi majivuno ya wanaotamba kwa dhehebu.

Ilipofika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Sharika za pande zote mbili zikabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Waafrika, ambao walifundisha, wakaombea wagonjwa na kuzika. Baadaye Waskoti wa misheni ya Livingstonia, katika Malawi ya leo, wakaja kuwaangalia Wamoravian na Walutheri kwa pamoja mpaka Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Kwa miaka kadhaa, basi, ule mpaka wa misheni uliochorwa na wageni haukuwa na mlinzi.

Nilipohamia Iringa kikazi nilikuta msiba una taratibu zake, lakini moyo ni uleule. Kule mtu akikuita "mnyalukolo" amekuhesabu kuwa ndugu, na siku ya msiba neno hilo linadaiwa kazi. Wanaume wanakuja na sururu na koleo bila kuitwa. Kina mama wanafika na kuni kichwani, kanga zimekazwa kiunoni, na kabla ya saa nne masufuria ya maharage yako jikoni. Mezani kuna daftari la rambirambi. Niliwahi kukaa karani wa daftari hilo usiku mzima: kikundi cha jumuiya ndogondogo ya Wakatoliki kilileta mchele debe moja, akina mama wa Kilutheri wakaleta unga na mafuta, mama mmoja wa Kipentekoste akaleta shilingi 2,000 zilizokunjwa ndani ya kitambaa, akaomba nisizitangaze. Marehemu alikuwa Mwanglikana. Usiku kwaya zilipokezana, na kitabu kilichokuwa mikononi mwa wote kilikuwa Tenzi za Rohoni. Biblia nayo ni ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, na niliona ikipita kutoka mkono hadi mkono bila mtu kuuliza mwenyewe anasali wapi.

Zipo pia siku za umoja zilizopangwa. Ijumaa ya kwanza ya Machi wanawake wa makanisa mbalimbali hukutana kwa Maombi ya Dunia, sare za kila rangi katika kanisa moja, na siku hiyo ninaipenda sana. Mezani pa Bwana, hata hivyo, Mkatoliki na Mlutheri bado hawakai pamoja, na wachumba wa madhehebu mawili wanajua machozi ya kuamua ndoa ifungwe wapi. Sisemi mambo haya ni madogo. Ila kaburi haliwezi kusubiri vikao viishe.

Hilo nililiona kwetu Rungwe, shangazi yangu alipofariki. Alikuwa ametengwa na usharika wake kwa sababu aliolewa kimila, na viongozi wakakataa kuja kumzika. Tulisimama uani, jeneza liko juu ya viti viwili, mvua inatunyeshea, hakuna mchungaji wala msalaba. Uchungu wa siku ile bado ninao. Aliyetuokoa ni jirani yetu, mzee wa Kikatoliki ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyepima na kuongoza uchimbaji wa makaburi pale kijijini, liwe la Mmoravian au la asiyesali popote. Alitoka shimoni, akapangusa matope mikononi kwa majani ya mgomba, akavua kofia. Alimpa mama pole kwa Kinyakyusa, "Ndaga, ndaga fijo," akasali sala aliyoijua, akaanzisha wimbo. Tuliupokea sote. Kuna mafundisho mengi ya ufufuo niliyosikia mimbarani, lakini siku ile niliyaona matumaini hayo yamesimama peku kwenye tope, na hayakuuliza cheti cha ubatizo.

Yule mzee naye sasa ni marehemu. Amezikwa uani kwake, kama ilivyo kawaida ya wengi Rungwe, kando ya migomba yake, na padri alikuja kumzika. Kwa kuwa hakulala katika makaburi ya usharika wetu, jina lake halikuwamo katika orodha inayosomwa alfajiri ya Pasaka.

Pasaka iliyofuata, jua lilipokwisha kutoka na watu wakianza kutawanyika, wapiga matarumbeta walishuka kwa njia ya mtoni badala ya barabara. Tukawafuata. Walisimama kwenye ua wa yule mzee, wakalizunguka kaburi, viatu vikiwa vimelowa, wakapiga beti zote za wimbo bila kuruka hata mmoja. Mjane wake alitoka, kanga kichwani, akasimama mlangoni mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani kuongeza maji kwenye birika, na binti yake akatutolea magimbi ya moto kwenye ungo.