Walioanza kwa kushinda na njaa

Mwishoni mwa mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikikaribia ukingoni, vijana 36 wa kiume walijitolea kufanyiwa utafiti wa njaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Dhamira zao ziliwakataza kubeba silaha, na hii ikawa njia yao ya kutumikia: mtafiti Ancel Keys alitaka kujua watu waliodhoofishwa na vita wangelishwaje amani ikirudi. Walichujwa kwa makini, wakachukuliwa wenye afya njema na akili timamu.

Mwaka 1945, kwa karibu miezi sita, walipewa takribani nusu ya chakula walichozoea. Wanaume ambao jikoni hapakuwahi kuwahusu wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Mlo wa dakika chache waliuvuta hata saa mbili. Walijitenga, wakawa na huzuni na hasira za ghafla. Mmoja alijikata vidole kwa shoka, na baadaye akashindwa kusema kama ilikuwa ajali au makusudi. Chakula kiliporudishwa, baadhi walikula hadi kuugua na bado njaa haikuwatoka.

Nawataja kwa sababu tukisikia maradhi ya ulaji, wengi wetu humfikiria msichana wa Kizungu mbele ya kioo. Kuna anoreksia, ambayo mgonjwa hujinyima hadi mwili ukakwisha. Kuna bulimia, ambayo mtu hufakamia kisha akatafuta kila njia ya kukiondoa alichokula. Na kuna ufakamiaji usiozuilika peke yake. Lakini kama vijana wale walivyoonyesha, njaa ina uwezo wa kuivuruga akili ya yeyote. La kuuliza ni nani, akishaizoea, hushindwa kurudi.

Wa kwanza ni anayejinyima ili apungue. Katika jimbo la Victoria, Australia, watafiti waliwafuatilia wanafunzi karibu 2,000 kuanzia umri wa miaka 14 na 15. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa wasichana waliojinyima kwa ukali zaidi walikuwa katika hatari ya kuugua ndani ya miezi sita mara 18 kuliko wasiojinyima. Hata waliojinyima kwa kiasi walikuwa katika hatari mara 5.

Lakini wengi hujinyima, wakachoka, wakarudi mezani. Tofauti nyingine imo katika damu. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa urithi una mchango mkubwa, na mwaka 2019 uchunguzi wa kimataifa wa vinasaba uligundua kuwa anoreksia inahusiana na jinsi mwili unavyotumia chakula, si hali ya akili pekee. Ongeza tabia ya mtoto mwenye wasiwasi, anayerarua ukurasa mzima kwa kosa la herufi moja. Ongeza kudhalilishwa utotoni, au kutaniwa kila siku kuhusu umbo.

Na hapo sisi wa Afrika Mashariki tusijidanganye. Tumekua tukisikia “umenawiri” kama sifa, tukaamini kwamba sifa hiyo itawakinga binti zetu. Visiwani Fiji mwili mkubwa ulikuwa heshima. Televisheni ilipofika mkoa wa Nadroga mwaka 1995, hakuna hata msichana mmoja kati ya waliohojiwa aliyesema hujitapisha ili apungue. Mwaka 1998 waliokiri walikuwa zaidi ya asilimia 11. Nchini Tanzania nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulihusisha dalili hizi na kiasi ambacho wanawake walikuwa wakifuatilia vyombo vya habari vya nje. Leo kioo cha televisheni kimo kwenye simu, usiku kucha.

Wengine hatuwaoni kabisa. Utafiti wa San Antonio, Texas, uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusu watu wanaotegemea chakula cha msaada, na kadiri njaa ya nyumbani ilivyokuwa kali ndivyo ufakamiaji ulivyozidi. Mama anayelala njaa ili watoto wale, kisha mshahara ukitoka anakula bila breki, hakuna anayemdhania. Hadhaniwi pia kijana mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye tiba yenyewe inamlazimu kuhesabu kila tonge. Wala mwanariadha: watafiti waliwachunguza wakimbiaji vijana wa kike nchini Kenya, wakakuta wapo wanaokula pungufu ya wanachokitumia mazoezini, na wapo ambao hedhi yao imevurugika. Kocha akiichukulia hedhi iliyokatika kuwa dalili ya bidii, anamharibia msichana mifupa na moyo. Na wanaume? John Prescott, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu wa Uingereza, alisubiri hadi mwaka 2008 kukiri kwamba aliugua bulimia kwa miaka mingi.

Mzazi ana ya kuangalia: mtoto anayepikia nyumba nzima yeye asile, anayetaka kula peke yake, anayekimbilia msalani kila baada ya mlo. Hayo yanatosha kumpeleka hospitali bila kusubiri akonde. Anayejitapisha mara kwa mara anaweza kupungukiwa potasiamu mwilini hadi moyo ukasimama, na mizani ikawa bado inasema uzito wake ni wa kawaida.